Ataamka Huyo

Dukani kwa Mangi, pale Magindu karibu na stesheni, televisheni imewekwa juu ya rafu ya sabuni. Jioni Mangi anachomeka flashi, na watoto wanaanza kujaa kibarazani: wa wakulima, wa wafugaji, wa wachoma mkaa. Siku niliyokuwepo, nilipokwenda kumsalimia dada, ilikuwa zamu ya Tom and Jerry. Katuni ile haihitaji mkalimani. Tom anakanyaga reki, mpini unamrukia, uso unakuwa bapa kama chapati. Watoto hoi. Nami, mtu mzima na ndevu zangu, hoi vilevile.

Kesho yake alasiri mtoto mmoja wa kundi lilelile alidondoka kutoka juu ya mkorosho. Ana miaka kama 8. Wenzake waliokuwa chini walicheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Kilikuwa kilekile cha dukani, nilikisikia nikiwa uani kwa dada. Alipochelewa kuinuka, mmoja wao akasema, "Ataamka huyo." Hakuamka. Mguu ulikuwa umevunjika. Tukaufunga kwa vipande vya mbao, akapakatwa kwenye bodaboda, wakaondoka naye kuelekea Mlandizi.

Usiku ule baraza lilikuwa la moto. Mzee mmoja ambaye kila mtu anamwita Babu alitoa hukumu bila kusubiri ushahidi. "Hilo sanduku ndilo limewaharibu. Mtoto anaona mwenzake kavunjika, anacheka!" Mangi akajitetea: "Babu, shikamoo tena. Na sisi si tumekua na katuni hizo hizo?" Swali lao nikalibeba hadi Dar: je, ni kosa kumchekesha mtoto kwa maumivu ya mwingine, hata kama huyo mwingine ni paka wa kuchorwa?

Babu hayuko peke yake. Plato, katika Jamhuri, alitaka hadithi za watoto zichujwe, kwa hoja kwamba mtoto hawezi kutenganisha fumbo na ukweli, na kinachoingia utotoni hakifutiki kirahisi. Mwaka 1963, Marekani, Albert Bandura na wenzake walichapisha jaribio lao la mdoli wa kupulizwa. Watoto walionyeshwa mtu mzima akimpiga mdoli huyo: wengine ana kwa ana, wengine kwenye filamu, wengine kwenye filamu ya mtindo wa katuni, mpigaji akiwa amevaa kama paka mweusi. Makundi yote matatu yalionyesha ukali zaidi kuliko watoto ambao hawakuonyeshwa kitu. Wakosoaji walisema, na naona wana hoja, kwamba mdoli yule ametengenezwa apigwe. Kumpiga yeye si sawa na kumpiga mtu.

Na tuwe wakweli jamani. Kabla ya televisheni tulikuwa na Fisi. Katika ngano zetu Fisi anachomwa, anapigwa, anadanganywa hadi anadhurika, na sisi tulilala tukicheka. Kama maumivu ya kuchekesha yanaharibu, basi bibi zetu walituharibu mapema. Utasema Fisi anaadhibiwa kwa uroho wake. Sawa, lakini Tom kosa lake nini? Mara nyingi yeye ndiye mlinzi wa nyumba, na Jerry ndiye anayedokoa jikoni. Niliwauliza watoto wa kwa Mangi: mbona mnamshangilia mwizi? Binti mmoja akanitazama kwa huruma. "Mjomba, si kwa sababu ni mdogo?"

Jibu lile limenisumbua kuliko Plato. Mtoto anaishi katika dunia ambayo kila mtu ni mkubwa kuliko yeye. Mwalimu ana fimbo, kaka ana kofi, mama ana sauti. Kisha anatokea panya mmoja, au sungura mmoja, anayeshinda kwa akili na kukimbilia shimoni. Mtoto hacheki tu, anapumua. Nadhani ndiyo sababu kazi ya William Hanna na Joseph Barbera, iliyoanza mwaka 1940, bado inajaza kibaraza cha Magindu.

Kwa hiyo watoto waliocheka chini ya mkorosho ndio walewale wanaosimama upande wa mdogo. Huruma wanayo. Walichokosa ni habari. "Ataamka huyo" si maneno ya mtu katili, ni maneno ya mtu aliyeona mara 100 kwamba anayeanguka huinuka. Katuni haijawafundisha kupenda maumivu. Imewafundisha kwamba maumivu hayana kesho. Tom anapondwa sasa hivi, picha inayofuata yuko mzima. Huo ndio uongo wake mkubwa, na bila uongo huo tusingeweza kumcheka.

Mwanafalsafa wa Ufaransa, Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alieleza kwamba ili tucheke ni lazima moyo usinzie kidogo. Nakubaliana naye. Basi swali langu kwa Babu si kwa nini mioyo ya watoto ilisinzia. Ni nani alikuwa na kazi ya kuiamsha?

Bibi yangu aliijua kazi hiyo. Alikuwa anatuangalia nyuso. Akiona mdogo wetu mmoja anamlilia Fisi, alisita, akampa Fisi maji ya kunywa pale pale, maji ambayo hayakuwemo kwenye hadithi jana, kisha akaendelea. Na ole wako umcheke mtu mwenye kilema njiani. Ungeambiwa mcheka kovu hajafikwa na jeraha, tena mbele za watu. Televisheni haioni uso wa mtu. Inamchekesha anayelia na anayecheka kwa kasi ileile.

Tena kuna utani ambao haukutungwa kwa ajili ya mdogo. Katika vipande vya zamani vya Tom and Jerry yumo mama mweusi, mtumishi wa nyumba, ambaye mara nyingi tunaona miguu yake tu na kumsikia akifoka. Ulikuwa utani wa Marekani ya wakati ule juu ya watu weusi, na baadaye sehemu zake zilirekodiwa upya au kukatwa. Mtoto wa Magindu akiicheka ile miguu hana kosa. Lakini anacheka jambo asilolijua, na katika mzaha huo amewekwa upande usio wake.

Wapo watakaosema ni katuni tu, haina athari. Hapo siwafuati. Ubongo Kids ilipoanza kurushwa TBC1 mwaka 2014, ikichekesha na kufundisha hesabu kwa Kiswahili, tulipiga makofi. Ikaja Akili and Me, ya yule binti wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Mbele kidogo kwenye reli ileile ya Magindu, pale Morogoro, mtafiti Dina Borzekowski aliwapima watoto zaidi ya 500, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba walioitazama walipiga hatua zaidi katika mambo kama kuhesabu na kutambua maumbo. Hatuwezi kula huku na huku. Kama katuni inaweza kumfundisha mtoto pembetatu, inaweza kumfundisha na mengine.

Ushauri wa kawaida ni kwamba wazazi wakae na watoto wao wakitazama. Ni rahisi kuuandika ukiwa Dar. Dada yangu anatoka shamba, anachota maji, anawasha moto. Saa ile ya katuni ndiyo saa yake pekee ya kupika bila mtoto miguuni. Siwezi kumwambia amekosea.

Lakini mimi nilikuwepo. Jioni ile pale kibarazani, mtu mzima asiye na kazi ya kufanya nilikuwa mimi, na moyo wangu ulisinzia pamoja na ya watoto. Sikuambiwa nizime televisheni wala nitoe hotuba. Ingetosha kusema, kicheko kikipungua, "Angekuwa mtu huyo, tungembeba." Babu alilaumu sanduku. Mimi nalaumu kiti nilichokalia.

Juzi dada kanitumia sauti kwenye simu. Mtoto karudi, mguu uko kwenye POP, na Mangi kamwekea kreti la soda la kuuegesha, mstari wa mbele. Anasema Tom alipodondoka kutoka darini, kibaraza kizima kilinyamaza. Watoto wote waligeuka kumtazama mwenzao kwanza. Yeye akacheka. Ndipo na wao wakacheka.