Je, Asiye na Kosa Anaweza Kunyamaza?

Niliitwa kituoni nikatafsiri. Cheti cha ukalimani sina, ila najua Kiswahili cha hapa Kenya na Kibembe cha kwetu Fizi, basi. Kijana wa bloku yetu alikuwa amekamatwa kwa sababu ya simu zilizoibwa dukani usiku. Mama yake alinishika mkono pale getini: "Umuambie aseme yote. Mutoto asiye na kosa hanyamazi."

Nikamwambia. Akasema yote, na zaidi ya yote. Kwanza alisema hakupita kwenye lile duka. Baadaye akasema alipita. Kumbe aliogopa kutaja alikokuwa, maana alikuwa na binti wa watu ambaye wazazi wake wangemfukuza. Uongo ule mdogo wa aibu ndio uliogeuka kuwa kesi. Hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kukaa kimya. Mimi niliyekuwa mdomo wake sikujua.

Siku hizi najua. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, kwamba ana haki ya kunyamaza, na nini kitafuata asiponyamaza. Ana haki ya kuongea na wakili. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeishia wikendi. Hasemi "raia". Anasema mtu aliyekamatwa, yaani hata wewe mwenye kadi ya ukimbizi. Na maungamo hayakubaliki mahakamani hivi hivi tu: yawe mbele ya jaji, hakimu, au afisa asiyepeleleza kesi hiyo na mwenye cheo cha Inspekta au zaidi, pamoja na mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe.

Lakini jamani, sisi tutanyamazaje? Tangu tuvuke mpaka tumefundishwa kusema. Kwenye mahojiano ya hadhi ya ukimbizi ukinyamaza unaonekana unaficha, na ukisahau tarehe unaonekana mwongo. (Ndugu wa mashirika, hili mnalijua vizuri.) Halafu mtu huyo huyo anaingizwa chumba kingine, meza ni ile ile, kalamu ni ile ile, na kanuni imegeuka juu chini. Nani alimwambia?

Mwenye duka naye ni mkimbizi. Simu zile alizichukua kwa mkopo. Aliniuliza, "Kila mtu akinyamaza, mimi nani atanijibu?" Sikuwa na jibu zuri, na hata leo silo kamili. Ukweli anadai, na ni haki yake. Ila nadhani anamdai mpelelezi kwanza, maana ndiye mwenye kazi ya kutafuta, kabla ya kumdai kijana mwenye hofu aliyelala sakafuni. Mbele ya wazee wa bloku ningemwambia kijana aseme, kwa sababu wazee wakikosea kesho yake tunakaa chini tena. Karatasi ya polisi ukishaisaini haikai chini na wewe.

Tena kunyamaza si kudanganya. Angenyamaza, asingesema uongo hata mmoja, na yule binti asingetajwa. Alitajwa. Alihamishiwa kwa shangazi yake kambi nyingine, sijamwona tena.

Kesi yenyewe iliisha baada ya miezi, mashahidi hawakufika. Kijana amerudi, anaendesha bodaboda ya mtu. Tukikutana ananisalimia, "Shikamoo," halafu anawasha pikipiki haraka. Mama yake bado ananishukuru kwamba siku ile nilimtafsiria mwanawe vizuri.