Haki ya Mtoto katika Lugha ya Wazee Wake

Nimeulizwa swali jepesi kulisikia, zito kulijibu: Je, mzazi aliyemlea mwanawe bila ya lugha ya babu na bibi, amekata udugu?

Muulizaji ni Mwislamu wa Ilula, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, ambao kila msafiri wa njia ile anaujua kwa nyanya na vitunguu vyake. Wenyeji wa huko ni Wahehe, na si mbali napo pana Lugalo, ambako mwaka 1891 askari wa Mtwa Mkwawa waliwashinda Wajerumani. Bwana huyu alihamia Dar es Salaam, akaoa mwanamke wa Pwani, na watoto wake wamekulia Kiswahili kitupu. Kila likizo huwapeleka kwa bibi yao. Humwamkia "Kamwene", kisha maneno yamekwisha. Bibi ana Kiswahili cha sokoni tu. Cha kuonya, cha kusimulia, cha kumweleza mjukuu jinsi baba yake alivyokuwa mtukutu, hicho hana. Basi hukaa wakitazamana, wanapendana wala hawasemezani.

Nasema: udugu haukukatwa, kwani kukata ni kugombana na kuzuia mguu usifike, na hawa wanafika. Walakini kuunga udugu kuna mguu, kuna mkono, na kuna ulimi. Na hapa ulimi umelemaa. Siwezi kuiita dhambi. Naiita deni, na mwenye kudaiwa ni mzazi, si mtoto wala bibi.

Wako watakaosema: Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na kurudia lugha za makabila ni kurudia ukabila. Sehemu ya kwanza ni kweli, wala mimi niandikaye Kiswahili sitaikana. Ya pili siikubali. Katika Surat Ar-Rum Mwenyezi Mungu ameihesabu tofauti ya ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara zake. Nayo ishara yake haiwi aibu. Tena Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa haja ya barua, naye akayaweza kwa muda wa nusu mwezi. Ikiwa barua inastahili taabu hiyo, je, bibi?

Nasi wa Pwani tusidhani haya ni ya watu wa bara peke yao. Ni vijana wangapi wa Unguja mjini wanaoweza kumfuata mzee wa Makunduchi akisema kwa kasi lugha ya kwao? Na huko Omani ziko nyumba za waliohama Zanzibar baada ya 1964 ambamo bibi husema Kiswahili na mjukuu hujibu Kiarabu.

Sasa tutazame namna ya kulipa deni. Bwana yule alianza kwa daftari: maneno ishirini kwa siku, na asiyeyahifadhi hakemewi kidogo. Watoto wakawa wanajificha! Ndipo ami yao alipoleta bao, lile la mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, akaweka sharti moja: atakayesema Kiswahili mchezoni, zamu yake imepita.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Daftari humtaka mtoto ajue neno, bao humtia haja ya neno. Aliyeona kete mbili zimeingia mkononi mwa ami yake kwa hila hana raha mpaka apate kusema "umeiba", na alipate kwa Kihehe, upesi, kabla mkono haujafika shimo la pili. Humpigia kelele bibi, naye bibi, asiyejua bao hata kidogo, amekuwa kadhi wa mchezo: neno atakalolikataa limekataliwa. Watoto wengi wa bara walipigwa shuleni kwa kusema lugha za kwao. Huku anayekosea hupitwa na zamu na kuchekwa, kisha hucheka naye.

Kuna aliyenipinga kwamba maneno ya bao ni machache: weka, chukua, hesabu, umeiba. Ni kweli, na mwenye kutosheka nayo hajajifunza lugha. Ila kinachoondoka mchezoni ni haya ya kinywa, na haya hiyo ndiyo iliyokuwa ukuta.

Wamaori wa New Zealand walipoona watoto wao wanakua na Kiingereza kitupu, mwaka 1982 walianzisha vituo viitwavyo kohanga reo, yaani kiota cha lugha, ambamo wakubwa huwasemesha wadogo Kimaori tu. Na mwaka 1987 lugha ile ikatiwa katika sheria kuwa lugha rasmi. Ziko kwao hata familia zinazojifunza maneno ya mwanzo kwa mchezo wa ubao, mzazi na mtoto wote wanafunzi. Mzazi asiyejua lugha ya wazee wake asitoe udhuru huo.

Ama hukumu ya mchezo wenyewe: dadu imekatazwa. Sataranji, wengi katika madhehebu yetu ya Shafi wameiona makuruhu, si haramu, maadamu haina kamari wala haimpitishi mtu Sala. Bao halina dadu, ni hesabu na fikra, nami naliweka hapo. Na Imam Ghazali ameandika kwamba mtoto atokaye chuoni aachwe acheze mchezo mwema, kwani kumzuia daima huua moyo wake. Lakini kete zikiwekewa fedha, hata shilingi moja, maneno yangu yote ya juu hayamhusu mchezaji huyo.

Mwenye mzee wa Makunduchi, wa Mtang'ata au wa Ilula nyumbani mwake, bao si ghali, na asiye nalo achimbe mashimo mchangani. Wacheze baada ya Alasiri, mzee akiwa karibu, asikie. Magharibi ikiadhiniwa wazifunike kete kama zilivyo, waendelee kesho.