Kujikinga na Madhara, na ni Nani Mwenye Kulaumiwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu mwili uwe amana mkononi mwake, akamwamuru autunze mpaka siku ya kuurudisha. Ama baada ya hayo:

Katika maneno yanayopita sana vinywani mwa watu wetu, hasa katika miji ya njiani kama Tunduma, ni neno hili: litakalokuwa litakuwa. Hulisema dereva anaposhuka mteremko wa Senjele, na breki zake hana hakika nazo. Hulisema kijana wa pikipiki aliyepakia abiria wawili, wote bila kofia. Hulisema anywaye maji yasiyochemshwa hali kipindupindu kimekwisha kutangazwa, na hulisema yule aendaye kwa mwanamke asiye mkewe hali ayajua maradhi yaliyoko. Kisha neno hilo huvikwa kanzu ya dini, likaitwa tawakali.

Twataka kutazama mambo mawili. La kwanza: je, kujikinga na madhara kwapingana na kumtegemea Mungu? La pili, nalo ndilo zito zaidi na watu hulitaja kidogo: madhara yakimpata mtu, ni nani mwenye kulaumiwa? Ni yeye peke yake, au na sisi tuliomzunguka?

Ama la kwanza, jawabu lake lilikwisha kutolewa zamani. Sayyidna Umar bin Al-Khattab alitoka Madina kwenda Sham, na alipofika Sargh akapata habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Akataka shauri kwa masahaba, kisha akaazimia kurudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anaitoka kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja ina majani na ya pili ni kavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, akahadithia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kuiingia nchi yenye tauni, na akakataza walio ndani yake kutoka kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mungu, akarudi. Hiyo ndiyo tauni ya Amwas, ya karibu mwaka 639, na Abu Ubaida mwenyewe alikufa kwa tauni hiyo.

Basi ikiwa Umar hakuona haya kugeuza msafara wake, ni nani leo atakayesema kwamba kuchemsha maji au kupima breki ni upungufu wa imani? Aliyeulizwa habari ya ngamia alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Na wanazuoni walipohesabu mambo matano ambayo Sheria imekuja kuyahifadhi, yaani dini, nafsi, akili, kizazi na mali, waliitaja nafsi miongoni mwa yale ya dharura. Mwenye kuuhatarisha mwili wake bila haja amechezea amana, wala hakuonyesha tawakali.

Hapo wengi hukoma. Husema: basi jambo ni wazi, kila aliyepatwa amejitakia. Nasi twasema: la, hapo ndipo pa kuanza kufikiri.

Tuitazame Tunduma yenyewe. Ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mbele yake, ng'ambo ya mpaka, ni Nakonde ya Zambia. Barabara itokayo Dar es Salaam hukata zaidi ya kilomita 900 kabla ya kufika hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo yapita hapo. Malori ya shaba, ya mafuta na ya bidhaa za kila namna hukutana mpakani, yakasubiri. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais wa nchi mbili hizi walifungua kituo cha pamoja cha forodha ili kuupunguza muda huo. Hata baada ya hapo misururu mirefu imeonekana mara nyingi.

Sasa zingatia, ewe msomaji, kusubiri huko kunazaa nini. Dereva yuko mbali na mkewe siku nyingi, ana fedha ya safari mfukoni, hana pa kuoga wala pa kulala ila ndani ya gari au nyumba ya wageni. Mwanamke auzaye chakula kando ya msururu ana mtoto wa kulisha na kodi ya chumba inayodaiwa jioni. Kijana wa pikipiki hakodishiwa chombo ila kwa hesabu ya kila siku, naye akipakia abiria mmoja mmoja, hesabu haifiki. Watu hawa wote wamekwisha kuambiwa wajihadhari. Mabango wameyaona, na khutuba wamezisikia. Wanalokosa ni njia ya kulifuata neno walilolisikia.

Akisema mtu: mwaihalalisha zinaa na uzembe. Tutamjibu: hasha. Haramu ni haramu, msururu uwe mrefu au mfupi, na kila nafsi itaulizwa kwa iliyoyatenda. Walakini kuijua sababu ya ugonjwa si kuusifu ugonjwa. Tabibu asiyeuliza mgonjwa anakunywa maji ya wapi hatamponya, hata akimkemea mchana na usiku.

Na dalili kwamba hatari haimwangukii kila mtu sawa ziko wazi. Ukimwi ulitambuliwa kwanza katika nchi hii mwaka 1983, mkoani Kagera, nao ulisafiri pamoja na biashara na njia kuu. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023, watu wazima waliokuwa na virusi walikuwa asilimia 4.4, lakini kwa wanaume ilikuwa 3.0, na kwa wanawake 5.6. Je, tuseme wanawake ni wakosefu karibu mara mbili ya wanaume? Hasemi hivyo ila mjinga. Wengi wao wameyapata katika nyumba zao, kwa waume zao, nao hawakuwa na kauli ya kukataa.

Tena tazama yaliyotokea Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, katika barabara hii hii iendayo Tunduma. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliokufa wakazidi 100. Wengi walisema: tamaa imewaua. Kuchukua mali ya mwenziwe ni kosa, hilo halina ubishi. Lakini twauliza: mtu wa namna gani huiona lita chache za mafuta kuwa ni bahati ya kuikimbilia? Mwenye shibe alipita akatazama kwa mbali. Wote wawili wana tamaa kama wanadamu wengine. Mmoja wao haja ilimsukuma karibu na moto.

Bibi mmoja wa Kiingereza, mtaalamu wa mila za watu, jina lake Mary Douglas, aliyekaa na Walele wa Kasai katika Kongo, aliandika kwamba kila jamii huchagua hatari ya kuiogopa, na huchagua na mtu wa kubebeshwa lawama, na mara nyingi aliyechaguliwa ni mgeni au mnyonge. Tumeliona hilo kwa macho. Mei 2020, maradhi ya korona yalipozidi Nakonde, serikali ya Zambia iliufunga mpaka kwa muda, na katika nchi nyingi za Afrika Mashariki madereva wa malori wakawa ndio wanaoogopwa. Kuwapima kulikuwa ni haki, kwa mwendo wa Umar. Lakini watu waliokula unga walioleta madereva hao waliwakwepa kama kwamba ni maradhi yenyewe yanayotembea. Kujikinga ni amri. Kumdhalilisha mwenzio kwa jina la kujikinga ni dhuluma.

Katika Hadithi ya Nuuman bin Bashir, Mtume alipiga mfano wa watu waliopiga kura katika merikebu, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji walipita juu, wakawaudhi walioko huko, basi wakafikiri kutoboa tundu katika fungu lao. Wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Na wakiwashika mikono, wote wataokoka. Makhatibu wetu huutumia mfano huu kwa kukataza maovu, na ni kweli. Lakini hebu tuuangalie mwanzo wake. Wale wa chini walikuwa na kiu, na njia ya maji iliwapitisha kwa watu wanaoudhika nao. Ndipo wakaliwaza tundu. Basi mwenye kuushika mkono wa mtoboaji, kisha asimpe njia ya kuteka maji, amefanya nusu ya kazi, na kesho mkono ule utarudi pale pale.

Kwa hiyo twaona kwamba wajibu hapa ni wa namna mbili. Kujikinga ni faradhi ya kila mtu kwa nafsi yake, haimwondokei kwa ufukara wala kwa safari. Na kumwezesha mwenzio ajikinge ni faradhi ya kutosheleza: wakiitimiza baadhi yetu, wengine wameokoka, wote wakiiacha, wote wana dhambi. Mwenye lori ampaye dereva siku chache kuliko zinazowezekana ana fungu katika ajali. Mume arudiye nyumbani asipime afya yake ana fungu katika maradhi ya mkewe. Wenye mamlaka ya mji wasioleta maji safi wana fungu katika kipindupindu. Na sisi wa misikitini, tukimkimbia mgonjwa hata akaogopa kuonekana akifuata dawa, tuna fungu vilevile; kwani leo mwenye virusi akitumia dawa sawasawa, hata virusi visionekane katika damu yake, hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya unyumba. Kumwonea haya mwenye kutumia dawa, basi, ni kutoboa merikebu.

Wala asighurike mtu kwa kinga moja. Majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa mwanamke kadiri ya asilimia 60, na Shirika la Afya la Dunia likaishauri mwaka 2007. Hiyo ni neema. Lakini sitini si mia, na mwanamke hakukingwa kwayo.

Kurani yatukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi, na aya hiyo watu huisoma kwa mtu mmoja mmoja. Lakini aya hiyo huanza kwa kuamrisha kutoa mali, na katika wafasiri wa mwanzo wako waliofahamu kwamba maangamizi yenyewe ni kuuzuia mkono usitoe. Basi mwenye kushika mali yake huku jirani akinywa maji machafu, naye pia yumo katika waliojitupa, ijapokuwa yeye maji yake huyachemsha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe hadhari isiyo na hofu, na tawakali isiyo na uvivu, na jicho la kuona kiu ya walio chini kabla hawajashika shoka. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.