Je, Kutembea ni Anasa?

Kila mwaka shule zinapofungwa, mwezi wa Juni na tena mwezi wa Desemba, swali moja hurudi katika nyumba nyingi, ingawa si wengi wanaolitamka: siku hizi tuzifanyie nini? Mwenye gari na fedha hulijibu upesi. Mwenye mshahara mdogo, au asiye na mshahara kabisa, hulisukuma kando na kusema kwamba kutembea ni mambo ya watalii na ya wenye nazo. Katika miaka mingi ya ualimu, na hasa ile ya ualimu mkuu, nimelisikia jibu hilo mara nyingi. Sasa nikiwa mstaafu, mwenye nafasi ya kufikiri, nimeona vema nilipime. Je, ni haki mtu mwenye dhiki kutumia siku zake na senti zake kwa ajili ya kutembea na kujiburudisha?

Tuanze na maneno yenyewe, maana maneno huhifadhi busara ya waliotutangulia. Sisi husema "kupumzika", na ndani ya neno hilo mna pumzi. Asiyepumzika ni sawa na asiyevuta pumzi. Hatuwezi kusema kwamba kuvuta pumzi ni anasa. Wenzetu wa Zanzibar huiita shule "skuli". Neno hilo tumelipata kutoka kwa Waingereza, nao asili yake ni Kigiriki cha kale, ambako maana yake ya kwanza ilikuwa nafasi, yaani wakati ambao mtu hasukumwi na kazi. Kwa Wagiriki hao, mtu alijifunza alipokuwa na nafasi. Ajabu ni kwamba leo mtoto akifunga shule tunamwambia kuwa masomo yamekwisha, na sasa ana nafasi tu.

Sheria nazo zimesema. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linataja mapumziko kuwa haki ya kila mtu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika utamaduni na sanaa. Hapa Tanzania, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hayo yote ni mema. Lakini mkulima hana mwajiri wa kumwandikia barua ya likizo, na mama anayeuza maandazi asubuhi hawezi kuyaambia maandazi yamsubiri. Kwa hiyo sheria haikumaliza swali letu. Imetuambia tu kwamba haki ipo. Haikutuambia nani atailipia.

Upinzani mkali zaidi niliowahi kuupata ulitoka kwa mzazi mmoja, na ulikuwa upinzani wa haki. Miaka ya 1980 niliongoza shule ya msingi wilayani Kondoa, mwendo wa saa tatu hivi kwa miguu kutoka Kolo. Kolo, kama wajuavyo wengi, iko kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu iendayo Babati na Arusha, na katika miamba ya vilima vyake mna michoro ya kale ya watu na wanyama. Mary Leakey, mtafiti mashuhuri wa mambo ya kale, aliwahi kukaa huko mwaka 1951 akiinakili. Wageni walitoka ng'ambo kuja kuitazama. Katika darasa langu la sita, lililokuwa na watoto wa pale pale, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona. Nikapanga kuwapeleka wakati wa likizo ya Juni.

Mzee huyo akaja ofisini, akavua kofia, akaketi. Akaniambia, "Mwalimu, mtama uko shambani na ndege wanaula. Wewe unataka kumchukua mtoto akaangalie mawe. Tena pale si mahali pa kwenda kucheza." Nilimjibu, "Mzee wangu, umesema mambo mawili, nami nayachukua yote mawili." Tulikubaliana kwamba safari ingoje hadi mavuno yaingie ghalani. Kuhusu jambo la pili, alikubali kwa sharti moja: yeye mwenyewe aende nasi.

Tuliondoka alfajiri, watoto wakiwa na viazi vitamu vya kuchemsha na maji katika vibuyu. Hatukulipa nauli ya mtu yeyote. Njiani mzee akawaeleza watoto kwamba baadhi ya mapango hayo si ya kale tu. Wazee bado huyaendea kwa tambiko, kuomba mvua na afya, na kwa hiyo mtu haingii kwa kelele wala hagusi kitu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kufundisha, lakini siku ile mwalimu alikuwa yeye. Tulipofika, watoto wakanyamaza wenyewe. Walitazama watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, wakatafuta tembo na swala, wakabishana kwa minong'ono. Ndipo msichana mmoja akauliza swali ambalo sijapata kulisahau: "Mwalimu, hawa walipokuwa wanachora, nani alikuwa anatafuta chakula?"

Ndugu msomaji, swali hilo lina pande mbili, na kila upande una fundisho lake.

Upande wa kwanza ni huu. Wataalamu wanaeleza kwamba michoro mingi ile myekundu ni kazi ya wawindaji na wakusanyaji wa matunda na mizizi, na ile myeupe ililetwa baadaye na wakulima. Wawindaji hao hawakuwa na ghala wala akiba ya kutosha mwaka. Kama kungekuwa na watu wa kusema "hatuna nafasi, tutafute kwanza chakula", wangekuwa wao. Hata hivyo walipata muda wa kusaga rangi, kuuchagua mwamba na kuchora. Hawakungoja washibe ndipo wawe watu. Walikuwa watu tayari katikati ya shida zao. Tunapomwambia maskini kwamba kutazama, kujifunza na kufurahi si mambo yake hadi atakapotajirika, tunamwambia angoje kuwa mtu. Na mtoto asiyepelekwa kokote hukua akiwa mgeni katika nchi yake. Mwaka 2006 michoro ile iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na ni fedheha dunia iurithi urithi ambao mtoto wa jirani hajauona.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Kweli, palikuwa na mtu aliyekuwa anatafuta chakula. Mchoraji alikula asali na mizizi iliyochumwa na mwenziwe. Nafasi ya mtu mmoja hubebwa na kazi ya mwingine, na hapo ndipo mapumziko yanapokuwa jambo la maadili, si jambo la mfuko tu. Mtazame mama wa nyumba mwezi wa Desemba, watoto na wajukuu wanaporudi kijijini kutoka mijini. Wote wako likizo isipokuwa yeye. Anaamka wa kwanza kuchota maji, analala wa mwisho baada ya kuosha vyungu, na jamaa wanapoondoka wanasema wamepumzika sana. Wamepumzika kwa pumzi ya nani? Katika nyumba yangu tulijiwekea utaratibu kwamba siku ya matembezi vijana wa kiume ndio wapishi, na mama yao hutoka pamoja nasi, au anakaa chini ya mwembe bila kuitwa. Wali uliungua mara kadhaa. Tuliula.

Kutokana na swali la yule msichana nimejifunza kupima kila matembezi kwa mambo matatu.

Kwanza, yasile haki ya mtu. Ada, dawa na chakula vina wenyewe, na baba anayekopa nauli ya kwenda pwani huku mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare hajatembea, ametoroka. Wahenga walionya kwamba mtembezi hula miguu yake. Lakini hao hao wakasema tembea uone. Wahenga hawapingani, walijua kwamba kutembea kuna kipimo.

Pili, asiachwe nyuma mtu kwa sababu ya umaskini wake. Shuleni tulikuwa na kanuni: twende wote au tusiende. Kuna mwaka tulipanga kwenda Dodoma kwa lori, na watoto tisa wakakosa mchango. Baadhi ya wazazi waliolipa walinilaumu kwa kuwanyima watoto wao kile walichokilipia, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Nilirudisha fedha zote, na badala yake tukafanya siku ya ngoma, hadithi na bao hapo hapo shuleni, tukiwaalika wazee wa kijiji. Naamini hata leo kwamba mtoto anayebaki akilitazama lori likiondoka hujifunza siku ile somo ambalo hakuna mwalimu atakayelifuta.

Tatu, twende kama wageni, tusiende kama wanunuzi. Msemo wetu ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Mnunuzi huuliza atapata nini. Mgeni huuliza pia ameleta nini, na mwenyeji wake ni nani. Siku hizi watu husafiri mwendo wa saa nane wakafika Bagamoyo, wakajipiga picha kwa simu mbele ya ukuta wa kale, wakanywa soda, wakarudi. Hawakumuuliza mtu yeyote lolote juu ya misafara iliyofika pale ikiwa imebeba pembe, na watu waliofungwa minyororo. Simu haina kosa. Kosa ni haraka ya kuonekana kwamba tulikwenda, inayotunyima kwenda kwenyewe.

Nisieleweke vibaya kwamba kila mtu sharti apende magofu na mapango. Mwalimu Nyerere alisema waziwazi mwaka 1961 kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba. Hata hivyo mwaka ule ule alitoa tamko la Arusha la kulinda wanyamapori, ambalo tusilichanganye na Azimio la mwaka 1967, kwa kuwa alijua kwamba kitu kisichompendeza yeye kinaweza kuwa amana ya wengine. Yeye nafasi yake aliitumia kwa bao, na kwa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Kila mtu na mapumziko yake. La muhimu ni kwamba akirudi kazini awe na pumzi zaidi, na aliyebaki nyumbani asiwe na pumzi pungufu.

Basi jibu langu ni kwamba kutembea si anasa, bali kunaweza kugeuzwa anasa, na anayekugeuza ni msafiri mwenyewe, awe tajiri au maskini. Likizo ijayo, kabla ya kuhesabu fedha, ita watu wa nyumba yako na uwaulize ni mahali gani, ndani ya mwendo wa siku moja, ambapo hamjapafika: msitu, bandari, kaburi la babu, karakana ya mchonga vinyago, makumbusho ya mji wenu. Kisha uliza swali la pili kabla hamjafunga safari: siku hiyo nani atakuwa anatafuta chakula? Mkimpata, mtajieni zamu yake ya kupumzika, na muwe mmekwisha kupanga nani atafanya kazi yake.