WANNE WALIOMBEBA
Neno kwa nyumba zenye jeraha la vita

Somo: Marko 2:1–12. Soma pia Kumbukumbu la Torati 24:5 na Wagalatia 6:1–5.

Nawasalimu ninyi nyote mlioko Rhino Camp, Imvepi na Lobule, pamoja na wenyeji wetu wa Arua na Koboko waliotupa ardhi ya kulima na kivuli cha kukaa.

Habari ya yule mtu aliyepooza tunaijua tangu Shule ya Jumapili. Nyumba ilijaa, mlango haukupitika, wenzake wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Mara nyingi tunahubiri juu ya yule aliyelala. Leo tuwaangalie waliombeba. Marko anatuonyesha kwamba Bwana aliitazama imani ya kundi zima, si ya mgonjwa peke yake. Tena angalieni hesabu: walikuwa wanne. Mtu mmoja hawezi kumpandisha mtu mzima darini. Akijaribu, wataanguka wote wawili.

Ndugu zangu, katika nyumba nyingi za kwetu mzigo huo umebebwa na mtu mmoja tu. Mara nyingi ni mke. Mara nyingine ni mume, maana wako pia dada zetu waliobeba bunduki, au walioangukiwa na bomu wakiwa njiani kukimbia.

JERAHA LISILOONEKANA

Mkono ukikatika, kila mtu anaona, na mtoto wa jirani atakuja kusaidia kubeba jerikeni. Lakini kuna jeraha lililo ndani ya kichwa. Mtu alipigwa kitako cha bunduki, au alitupwa na gari lililokanyaga bomu la ardhini, au kombora lililipuka karibu naye. Mshindo wa mlipuko unaweza kuumiza ubongo hata kama fuvu halikupasuka na damu haikutoka. Kwa nje kovu huenda halipo. Kwa hiyo watu husema, "Huyu mzima, ni mvivu tu."

Chukueni mfano wa nyumba kama zilivyo nyingi kwetu. Baba anatumwa sokoni kununua chumvi na sabuni, anarudi na chumvi tu, au harudi mpaka jioni kwa sababu amesahau njia. Kichwa kinamuuma kila siku. Kelele za watoto zinamchoma. Anakasirika upesi kama petroli, baadaye analia. Usiku haendi kulala, na akilala anapiga kelele. Mfuniko wa sufuria ukianguka, anajitupa chini. Mama anatembea nyumbani kwake kama mtu anayepita juu ya mayai. Anajiuliza moyoni: je, huyu ndiye niliyeolewa naye?

Hapo mara nyingi kuna mambo mawili ndani ya mtu mmoja. La kwanza ni jeraha la ubongo, linaloondoa kumbukumbu, subira na usingizi. La pili ni kiwewe cha vita, ambacho kinarudisha kumbukumbu hata mtu asipozitaka. Moja linasahaulisha, lingine linakataa kusahau. Na mama naye anaweza kuwa na kiwewe chake, kwa sababu alitembea kutoka Yei au kutoka Ituri huku risasi zinalia nyuma yake. Basi katika kitanda kimoja wanalala majeruhi wawili, na kila mmoja anangoja mwenzake awe mganga.

NCHI HII INAJUA

Msidhani ni sisi wakimbizi peke yetu. Wazee wa Arua na Koboko wanaijua habari hii. Vijana wengi wa hapa walikuwa askari, na ndiyo maana Kiswahili chenyewe wengi walikipata jeshini. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, na vita vilipoingia Arua mwaka 1980, watu wa hapa ndio waliovuka mpaka kwenda Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humo humo. Walionusurika walirudi nyumbani miaka ya baadaye, wakajenga, wakaoana, wakanyamaza. Mwaka 2016 vita vilipowaka tena Sudan Kusini, na Imvepi ikafunguliwa tena Februari 2017, waliotupokea walikuwa watoto wa wakimbizi. Huko Lobule ndugu wengi wa Kongo walikuwa wamekwisha kupokewa vivyo hivyo. Baadhi ya wazee waliotupokea wanayo majinamizi kama yetu.

Mungu alijua tangu kale kwamba vita haipigani na askari peke yake. Katika Kumbukumbu la Torati 24:5 sheria inasema mtu aliyeoa karibuni asipelekwe jeshini kwa mwaka mzima, bali akae nyumbani amfurahishe mkewe. Kwa nini sheria ya jeshi imtaje mke? Kwa sababu vita inaingia hadi chumbani. Kama inaingia chumbani, uponyaji nao lazima ufike chumbani.

YALIYOKWISHA KUFANYIKA KWETU

Watu wengine huniambia, "Mchungaji, mambo ya kukaa na kuzungumza ni ya Wazungu." Sivyo. Imvepi hii hii ina ushahidi. Mwaka 2004 ulitolewa uchunguzi uliofanyika pale kwa wakimbizi 43 wa Sudan waliokuwa na kiwewe. Baadhi walisaidiwa kusimulia maisha yao kwa utaratibu, tangu utoto hadi siku ile mbaya, katika vikao vinne na mtu aliyefundishwa. Baada ya mwaka mmoja, kati ya waliosimulia hivyo, karibu 3 tu katika kila 10 walikuwa bado na ugonjwa ule. Kati ya waliopewa ushauri wa kawaida, au maelezo tu, walikuwa karibu 8 katika kila 10.

Rhino Camp nayo ina ushahidi. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyohusu akina mama 694 wa Sudan Kusini. Vikundi vyao vilikaa vikao vitano, vikisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo. Miezi mitatu baadaye waliohudhuria walikuwa na dhiki pungufu kuliko wasiohudhuria.

Tumshukuru Mungu kwa hayo. Lakini tazameni: kule mtu alikaa peke yake na mshauri, huku walikaa akina mama peke yao. Mume na mke bado hawajaketi pamoja. Marekani, baada ya vita vya Afghanistan na Iraq, hospitali za askari wastaafu zilianza kuwakusanya wenye jeraha la ubongo pamoja na wenzi wao, nyumba kadhaa kwa pamoja, wajifunze na wafundishane. Waligundua lile ambalo Marko alituandikia zamani: godoro lina pembe nne.

Sisi kanisa hatuna hospitali. Lakini tuna mti wa mwembe, tuna benchi, tuna wazee na akina mama wa kanisa. Nyumba tano au sita zikiketi pamoja kila wiki, kwa majuma manane, ni kazi tunayoiweza. Iwe kwa masharti haya:

1. Kila mmoja aulizwe peke yake kwanza. Mama aulizwe na mama, baba aulizwe na baba: Je, unataka? Je, unaogopa? Kama katika nyumba hiyo kuna kipigo, tusiwaketishe pamoja na kusema tumepatanisha. Usalama wa mama na watoto unatangulia. Wagalatia 6 inatufundisha kuchukuliana mizigo, lakini mstari wa 5 unamkumbusha kila mtu furushi lake mwenyewe. Jeraha linaeleza hasira, halihalalishi kipigo.

2. Yanayosemwa kikundini yabaki kikundini. Yasiende bombani, wala yasigeuzwe mahubiri ya Jumapili.

3. Ugonjwa ufundishwe kabla ya lawama. Siku mama anapofahamu kwamba kusahau si dharau, nusu ya ugomvi inaisha. Siku baba anapomsikia baba mwingine akisema, "Hata mimi nilipotea njia ya sokoni," aibu inalegea. Huko ndiko kutoboa dari. Aibu ndiyo paa linalozuia wengi wasifike kwa Yesu.

4. Kila wiki iwe na zoezi moja dogo la nyumbani. Agizo moja kwa wakati mmoja, si matano. Daftari la kuandika ya kesho. Saa ya kulala isiyobadilika. Na alama ya kupumzika ambayo wote wawili wamekubaliana mkiwa na amani. Mama aseme, "Baba watoto, moto unapanda." Baba ajibu, "Nimesikia, Mama watoto, natoka kidogo," aende chini ya mti, arudi akiwa ametulia. Asimfuate, wala yeye asiende kwenye kwete au waragi, maana kichwa kilichoumia pombe inakiumiza zaidi.

5. Hadithi nzima ya vita isilazimishwe kikundini. Ikitoka ovyo inaweza kumfungua majeraha yeye na wengine waliokaa. Hiyo isimuliwe faraghani, kwa mshauri aliyefundishwa. Kikundi ni cha kujifunza kuishi leo.

6. Dawa iendelee. Kifafa kinaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya kichwa kuumia. Tusiseme upesi kwamba ni pepo. Anayetumia dawa ya kifafa asiiache ghafla kwa sababu ameombewa. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege kubwa na hata kifo. Degedege ikipita dakika tano, mkimbizeni kituo cha afya. Hospitali ya Rufaa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili. Maombi hayashindani na dawa: wale wanne walikuwa na imani, na bado walitumia mikono kubomoa paa.

NENO LA MWISHO

Kwako baba uliyeumia: hujawa nusu mtu. Yule mtu wa Marko aliitwa mwana kabla hajasimama. Kwako mama unayebeba: kuchoka si dhambi, na kusema "nimechoka" si kumsaliti mumeo. Yawezekana yule wa zamani hatarudi kama alivyokuwa, na ni halali kumlilia. Kisha mjifunze kumjua huyu aliyepo.

Kwetu sisi kanisa: tulikuwa tumejaza mlango. Tulisongamana kuwasikia wahubiri, na wenye godoro wakabaki nje. Jumapili hii kila mzee wa kanisa aangalie nyumba moja iliyo karibu naye, aulize kwa upole, ashike pembe moja.

Maswali kwa ajili ya seli zenu:
a) Ni nani katika kijiji chetu anayebeba peke yake?
b) Ni maneno gani tunayowaita wenye jeraha la kichwa, nasi tunapaswa kuyaacha?
c) Nyumba ipi iliyopita katika hali hii inaweza kuwasaidia wengine?

Tuombe: Ee Bwana, wewe unaona ndani ya kichwa kama unavyoona moyoni. Wapumzishe waliobeba muda mrefu. Wape usingizi wale wanaoogopa usiku. Utupe mikono ya kushika pembe za godoro, na ujasiri wa kutoboa paa. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.