Umekaribia Mno, Huwezi Kuona

Jimbo la Iowa, Marekani, halina timu hata moja ya ligi kuu ya besiboli. Kutoka Des Moines, mji wake mkuu, hadi Chicago ni zaidi ya kilomita 500, safari kama ya Nairobi hadi Mombasa. Lakini kwa miaka mingi mtu wa Iowa aliyelipia MLB.TV, huduma rasmi ya ligi ya kutazama mechi mtandaoni, alikuwa akizimiwa matangazo ya timu sita: Cubs na White Sox za Chicago, Cardinals ya St. Louis, Royals ya Kansas City, Twins ya Minnesota na Brewers ya Milwaukee. Kosa lake ni kwamba anaishi karibu nazo. Mimi nikiwa hapa Nairobi, nikilipia huduma hiyohiyo, ninaruhusiwa kuzitazama zote.

Besiboli niliijulia kazini, nikinakili vipindi vya sauti vya wateja wa Marekani, maneno elfu kwa elfu, mpaka nikaanza kujali nani ameshinda. Mechi za mchana za Cubs huanza saa saba na dakika ishirini kwao, yaani saa tatu na dakika ishirini usiku huku kwetu, muda mzuri kabisa kwa mtu asiye na ofisi. Kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku. Kwa hivyo anayezimiwa timu yake anakosa kitu cha kila jioni, kama chai.

Chanzo ni televisheni ya kebo. Kila timu ilipewa eneo lake, halafu ikauza haki za kuonyeshwa katika eneo hilo kwa chaneli moja ya michezo. Chaneli ikauzwa ndani ya kifurushi cha kebo pamoja na chaneli nyingine kibao. Nyanya ambaye hutazama mapishi tu alilipia besiboli kila mwezi bila kujua. Utajiri wa mchezo huu ulijengwa kwa sehemu kubwa na watu ambao hawakuwahi kuutazama. Sasa watu wakaanza kukata kebo, shabiki akakimbilia mtandao, akakuta mtandao umefungwa kwa ajili ya kuilinda ileile kebo aliyoihama. Mtandao utamwonyesha timu za mbali tu. Ya nyumbani arudi kuinunua kwenye kifurushi, kama kipo kinachoifikia nyumba yake.

Hapo ndipo VPN inaingia. Wengi wetu tunaoishi kwa kazi za mtandaoni tunaijua VPN kuliko tunavyomjua caretaker wa ploti. Kuna kazi zisizomtaki mtu wa Kenya, na sababu haihusiani na uandishi wake, ni anwani yake tu. Basi msee anawasha VPN, anakuwa mkazi wa Ohio mpaka asubuhi. Yule wa Iowa anafanya hivyohivyo kinyumenyume: anajifanya yuko mbali ili aruhusiwe kuwa karibu. Swali langu ni kama anakosea. Sisemi kisheria. Masharti ya huduma yako wazi, yanakataza kuficha ulipo, na yeye aliyakubali kwa kubofya. Nauliza kama ni vibaya.

Jibu la haraka ambalo wengi hutoa ni kwamba amelipa. Hilo halinitoshi. Ukikata tiketi ya mzunguko huna haki ya kukaa jukwaa kuu eti kwa sababu na wewe ulilipa mlangoni. Alilipia mechi za mbali, na aliambiwa hivyo kabla hajatoa pesa. Jibu la pili ni kwamba hajamnyima mtu chochote, kwa kuwa mechi haipungui ikitazamwa. Hili nalo lina historia ndefu, na historia yenyewe haimsaidii sana. Philadelphia, wakazi wa nyumba zilizokuwa ng'ambo ya barabara walikuwa wakitazama mechi za uwanja wa Shibe Park kutoka kwenye mapaa yao, wengine wakiuza nafasi. Mwaka 1935 wenye timu wakapandisha ukuta, mapaa yakabaki yakitazama mabati. Mwaka 1938 huko Pittsburgh, kituo cha redio cha KQV kiliweka watu wake mahali pa juu nje ya uwanja wa Forbes Field, wakawa wanaona kupita juu ya ukuta na kusimulia mechi redioni bila kuilipa timu. Timu ya Pirates ikaenda mahakamani na kushinda. Mahakama ilisema waliojenga uwanja na kulipa wachezaji ndio wenye haki ya kuamua habari za mchezo zitumike vipi, hata kwa muda wa kadiri baada ya mchezo kumalizika.

Mimi nakubaliana na hukumu ile. KQV ilikuwa inavuna shamba la mwenzake. Lakini angalia tofauti: KQV ilikuwa inauza, mtu wa Iowa anatazama tu. Na yule mwenye paa la Philadelphia hakumdanganya mtu kuhusu alipokuwa. Alikuwa palepale, jirani wa uwanja, na kosa lake lilikuwa ujirani. Huu ndio uzi unaonivutia katika jambo hili lote. Ukuta wa besiboli haukujengwa kumzuia mgeni. Mgeni yuko mbali, haoni kitu, hana hasara wala faida. Ukuta ni wa jirani.

Na jirani ndiye hudaiwa zaidi. Milwaukee ilipotaka uwanja mpya, kaunti tano za Wisconsin ziliwekewa kodi ya mauzo ya asilimia 0.1. Ilianza 1996 na haikuisha mpaka 2020. Mtu wa Racine, akinunua viatu, akinunua friji, alichangia ule uwanja, awe anapenda besiboli au haipendi. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni soko la nje. Alipoitwa kulipa aliitwa mwenyeji. Kisha akakata kebo, akalipia mtandao, akafungua mechi ya Brewers, akaambiwa haipatikani katika eneo lake. Ukaribu uleule uliotumika kumwomba pesa ndio uliotumika kumfungia mlango. Kwangu hapa ndipo ile ahadi aliyoitoa kwa kubofya inapoanza kulegea. Haijafutika, ila imelegea, maana upande wa pili nao ulikuwa na deni na haukulitaja.

Nadhani kwa hiyo anadanganya, na tusimpambie. Lakini si kila uongo ni wizi, na ninaona tunapoteza kitu tukiviweka kapu moja. Anayesema yuko Florida kumbe yuko Racine hajachukua mali ya mtu kama aliyeirekodi mechi na kuiuza. Amevunja sharti. Anamkosea nani hasa? Labda ile chaneli iliyonunua haki ya kuwa peke yake, na hata hiyo hasara yake inategemea kama ilikuwa tayari kumuuzia. Mara nyingi ilikuwa tayari kumuuzia kebo nzima tu, au haikuwa na njia ya kumfikia.

Los Angeles ilionyesha hali hii inaweza kufika wapi. Mwaka 2013 timu ya Dodgers ilikubali mkataba wa miaka 25 na kampuni moja ya kebo kwa zaidi ya dola bilioni 8. Chaneli mpya ikaanza 2014. Kampuni nyingine zikaikataa bei yake, na sehemu kubwa ya jiji ikakaa bila kuiona timu yake mpaka 2020. Katikati ya miaka hiyo alikuwapo Vin Scully, mtangazaji aliyekuwa na Dodgers tangu 1950, timu ikiwa bado Brooklyn. Watu wa Los Angeles walikuwa wakienda uwanjani na redio ndogo ili wamsikilize akieleza kile walichokuwa wanakiona kwa macho yao. Alistaafu 2016. Misimu yake mitatu ya mwisho ikapita na maelfu ya wazee waliokua na sauti yake wakiwa wamefungiwa nje, katika jiji lake mwenyewe, kwa sababu kampuni hazikuelewana bei. Mechi chache tu za mwisho ndizo zilizoonyeshwa kwenye televisheni ya bure.

Sisi huku tunalijua jambo hili kwa upande wa raha. Jumamosi, mechi za Uingereza zinazoanza saa tisa alasiri kwa saa zao haziruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja huko kwao. Shabiki wa Kayole anazitazama kwenye kibanda kwa shilingi chache, wa Manchester asiye na tiketi hazioni. Ila pale angalau kuna hoja unayoweza kuitetea: vilabu vidogo visikimbiwe na watazamaji. Iowa haina kilabu cha ligi kuu cha kulinda.

Mambo yameanza kubadilika, lakini dhamiri haihusiki. Mwezi Machi 2023 kampuni kubwa ya chaneli hizo za michezo iliomba ulinzi wa mufilisi. Mei 31 mwaka huo ligi yenyewe ikachukua matangazo ya Padres, na watu wa San Diego wakaanza kuuziwa timu yao mtandaoni bila kebo. Timu nyingine zimefuata. Pesa ya wale nyanya wa mapishi imekauka, ndiyo maana mlango umefunguliwa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sharti lile lilimfunga asiyejua tu. Kijana alisakinisha VPN kwa dakika mbili. Mzee wa Des Moines aliyetii, au asiyejua VPN ni mnyama gani, alibaki na matangazo ya sauti, ambayo MLB haikuyazimia eneo lolote. Angeweza kusikia kila mpira uliopigwa Chicago, kutoka huduma ileile na kampuni ileile, huku skrini ikimwambia kwamba mechi hiyo haipo kwa ajili yake.