Kukaa na Kinanda Kimoja

Prodyuza wa leo ana vinanda vingi kuliko duka zima la muziki la mwaka 1983, na hakuna hata kimoja anachoweza kukishika kwa mkono. Vyote vimo ndani ya kompyuta. Vingine kavinunua, vingine kapewa bure, na vingine, ukweli usemwe, vilikuja kwenye flashi ya rafiki. Mshika mbili moja humponyoka, lakini huyu kashika hamsini na hakuna kilichomponyoka. Vyote vipo kwenye diski, kila kimoja na mamia ya sauti zilizotengenezwa tayari. Kinachomponyoka ni jioni yake. Anafungua kinanda, anajaribu sauti ya kwanza, ya pili, ya arobaini, anahamia kinanda kingine, na inafika saa nne usiku biti haina hata mstari wa besi.

Wapo wanaoamua kufanya kinyume. Wanachagua programu moja tu ya sinthesaiza, wanafunga nyingine zote, na wimbo mzima wanautengeneza humo humo: besi, ngoma, nyuzi, upepo, hata mlio wa mlango ukihitajika. Kwa nje inafanana na saumu. Ukikaa nao karibu unagundua kwamba hawajinyimi kitu. Wameacha kuchagua ili wapate muda wa kusikiliza.

Mfano wa programu inayomfaa mtu wa aina hiyo ni Surge XT. Haiuzwi, na inakubali Windows, Mac na Linux. Mwanzo ilikuwa bidhaa: Claes Johanson aliitengeneza na kuiuza kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kupitia kampuni yake ndogo, Vember Audio. Septemba 2018, akiwa ameshazama katika kazi nyingine, aliuweka hadharani msimbo wote kwa leseni huria ya GPL, yeyote autumie na aurekebishe. Watu wa kujitolea wakaupokea. Januari 2022 wakatoa toleo walilolipa jina la Surge XT, na katika matoleo yaliyofuata wakaongeza uwezo wa kuiendesha kwa programu za kusoma skrini, ili mwanamuziki asiyeona naye aweze kukaa na kila swichi yake.

Inakuja na sauti tayari zaidi ya 2,000. Aliyeamua kujifunza hazigusi kwanza. Anaanza na ile inayojitokeza programu inapofunguliwa, sauti kavu, kali, isiyo na mvuto wowote: wimbi la msumeno.

Wimbi hilo lina mengi ndani yake. Linabeba noti ya msingi, pamoja na sauti nyingine inayotetema mara mbili zaidi kwa nusu ya nguvu, nyingine mara tatu kwa theluthi ya nguvu, nyingine mara nne kwa robo, na kuendelea hadi sikio linaposhindwa. Kwa hiyo kazi ya mtengeneza sauti mara nyingi ni kupunguza. Kichujio kinafanya kama chujio la tui: kikifungwa kidogo machicha ya juu yanabaki, ukali unaondoka, kikifungwa zaidi inatoka besi nene inayotikisa meza. Akibadilisha msumeno na kuweka wimbi la mraba, zile sauti za namba shufwa zinatoweka, zinabaki za witiri peke yake, na noti ile ile sasa ina uwazi unaokumbusha klarineti. Kisha anaamua sauti ipande kwa kasi gani inapobonyezwa, ikae vipi, na ififie kwa muda gani inapoachiwa. Sauti inayopanda papo hapo na kufa haraka ni ngoma au uzi uliodonolewa. Ikipanda taratibu na kuchelewa kuondoka, inakuwa pumzi.

Baada ya muda wa mazoezi hayo, jambo la ajabu hutokea nje ya kompyuta. Mtu anapanda daladala na kusikia jinsi injini inavyobadilika gia inapobadilishwa, na kichwani anaanza kupanga: msumeno, kichujio nusu, mtikisiko wa polepole. Programu hamsini haziwezi kumpa hilo. Masikio hukua pale mtu anapokijua chombo vizuri kiasi cha kuacha kuuliza kina nini, akaanza kujiuliza yeye mwenyewe anataka kusikia nini.

Historia ya fani hii ina ushahidi wa hayo. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mtunzi John Chowning alikuwa akicheza na mtikisiko wa sauti, ule ambao waimbaji huutia kwenye noti ndefu. Kompyuta ilimruhusu kuuongeza kasi kupita uwezo wa koo lolote. Alipovuka takriban mitikisiko 20 kwa sekunde, sikio liliacha kusikia mtikisiko. Likaanza kusikia rangi mpya ya sauti, mara kengele, mara shaba, mara kitu kisicho na jina. Aliyafikia hayo kwa kusikiliza, hesabu zikafuata nyuma. Kampuni za vinanda za Marekani hazikuona faida ya ugunduzi huo. Yamaha ya Japani iliiona, na mwaka 1983 ikaleta DX7, kinanda kilichouzwa dola 1,995 na kuenea duniani kote.

Lakini DX7 ilikuwa ngumu kuelewa. Ilikuwa na vyanzo 6 vya mawimbi vinavyoweza kuunganishwa kwa njia 32, na vyote hivyo vilirekebishwa kwa vitufe na kioo kidogo cha mistari miwili. Wanamuziki wengi hawakuhangaika. Walitumia sauti za kiwandani zilivyo. Mojawapo, piano ya umeme iliyopewa jina E. PIANO 1, ilipendwa kiasi kwamba kufikia mwaka 1986 inakadiriwa ilisikika katika asilimia 40 hivi ya nyimbo zilizoshika namba moja kwenye chati kuu ya Billboard nchini Marekani. Aliyeitengeneza sauti hiyo, kwa namna fulani, alipiga kinanda kwenye nyimbo ambazo hakualikwa.

Katika miaka hiyo hiyo Brian Eno, Mwingereza aliyejulikana kwa kuchanganya sauti zaidi kuliko kwa kupiga ala, alikaa na DX7 mpaka ikamzoea. Wengine walipokwenda kununua toleo jipya kila lilipotoka, yeye alibaki kuichimba ile aliyonayo, na mwaka 1987 jarida la Keyboard likachapisha baadhi ya sauti alizozitengeneza humo ili wasomaji wazijaze kwenye vinanda vyao. Yeye na wale wa namba moja walikuwa na mashine moja. Tofauti ilikuwa saa walizokaa nayo.

Hapa ni rahisi kuwahukumu wanaotumia sauti tayari, na itakuwa kuwaonea. Mitaa ya Dar es Salaam ina jibu lake. Wapigaji wa mchiriku, muziki wa mitaa hiyo, hawakuwa na programu wala mwongozo. Walikuwa na Casio ndogo, kinanda kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto na wanaoanza, ambacho sauti zake haziwezi kubadilishwa hata ukitaka. Wakakiunganisha na amplifaya na vipaza sauti chakavu, wakakifungulia mpaka kikaanza kulia na kukwaruza, juu ya ngoma zinazokwenda kwa kasi. Sauti iliyotoka haikuwahi kusikika Japani kilikotengenezwa. Jagwa Music, kundi la mtindo huo lililoanza mapema miaka ya 1990, walifikisha mlio huo Ulaya, na mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao *Bongo Hotheads*. Singeli iliyofuata ilihamia kwenye kompyuta, ikapita kasi ya mapigo 200 kwa dakika, lakini tabia ni ile ile: chukua chombo kimoja cha bei nafuu, kisukume mpaka kionyeshe upande ambao mtengenezaji hakuufikiria.

Kwa hiyo suala si kama sauti imetoka kiwandani au imeundwa upya. Wapigaji wa mchiriku waliijua Casio yao ndani nje, pamoja na udhaifu wake, na udhaifu huo ndio walioutumia. Anayeruka kutoka kinanda hadi kinanda hafiki kwenye udhaifu wa chochote. Anaondoka wakati chombo bado kinamwonyesha adabu za mgeni.

Turudi kwenye Surge, kwa sababu anayekaa nayo muda wa kutosha anakutana na jambo linalowahusu wasikilizaji wa pwani. Kati ya vyanzo vyake vya sauti kimo kimoja cha nyuzi. Kinafuata njia waliyoichapisha Kevin Karplus na Alex Strong mwaka 1983: mlipuko mfupi wa kelele tupu unazungushwa kwenye kitanzi, kila mzunguko ukilainishwa kidogo, mpaka kelele inageuka mlio wa uzi uliodonolewa. Kwa noti ya A ya mitetemo 440, kwenye kompyuta inayochukua vipimo 44,100 kwa sekunde, kitanzi hicho kina vipimo kama 100 tu. Kwa subira, kichujio na mtikisiko mdogo, uzi huo unaweza kusogezwa taratibu kuelekea kwenye udi.

Hapo ndipo mpenzi wa taarabu anaposimama. Sauti imekaribia udi, noti bado ni za piano. Kinanda cha kawaida kimeigawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, na udi hauna vikwazo shingoni. Kidole kinasimama kinapotaka. Kanuni, ala nyingine ya nyuzi, nayo ina vijiti vidogo vya kupandisha na kushusha kila uzi. Katika Rasti, mojawapo ya maqamu (ngazi za muziki wa Kiarabu), noti ya tatu haikai kwenye hatua ya tatu wala ya nne kutoka mwanzo. Inakaa takriban katikati. Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu ya Zanzibar iliyoasisiwa mwaka 1905, imekuwa ikipiga kwa udi, kanuni na fidla, ala zinazoweza kufika hapo katikati. Kinanda cha umeme kilipoingia kwenye taarabu ya kisasa kilikuja na hatua zake 12, na mpigaji akalazimika kuchagua ya chini au ya juu.

Surge haimlazimishi. Inasoma faili za ngazi za muziki za mtindo wa Scala, maandishi matupu yanayoeleza kila noti isimame wapi, na zipo ngazi za aina hiyo kwa maelfu. Mwenye sikio la Rasti anaweza kuiandika mwenyewe, kuipakia, na kidole chake kikigusa ile noti ya tatu kinakutana na mahali pale ambapo fidla ingefika. Lakini programu haikumwambia hayo ilipofunguliwa. Uwezo huo umo ndani ya menyu, na anayepita haraka anaweza kuitumia Surge miaka mitatu akiamini kwamba muziki wote wa dunia una noti 12.

Ndani ya Surge kuna pia kazi za watu wengine. Chanzo cha sauti kiitwacho Twist kinatokana na Plaits, kifaa cha Émilie Gillet wa Ufaransa aliyekuwa na desturi ya kuchapisha wazi michoro na misimbo ya vyombo alivyoviuza. Johanson aliachia, Gillet aliachia, Karplus na Strong waliandika walichokigundua, na kijana mwenye kompyuta ya mtumba anavipata vyote kwa kifurushi kimoja cha intaneti.

Asichopewa bure ni muda. Prodyuza wa mtaani analipwa kwa biti, na msanii amekaa pembeni akisubiri kuingiza sauti kabla umeme haujakatika. Kumwambia atumie saa mbili kutafuta mlio mmoja wa uzi ni kumwambia akose mteja, na sauti tayari inamlisha. Wengi wanaofanikiwa kukaa na chombo kimoja hawafanyi hivyo wakati wa kazi. Wanafanya kabla wateja hawajafika au siku ya Jumapili, na sauti walizozipata huko ndizo wanazozichomoa kwa sekunde mbili pale msanii anapokuwa na haraka.

Surge yenyewe inaonekana ilitengenezwa na watu wanaolijua hilo. Mtu anapohifadhi sauti aliyoitengeneza, kijidirisha kinamwuliza jina la sauti, kundi lake na aliyeitengeneza, kikiacha nafasi ya maelezo na ya leseni. Anaweza kuandika “Udi wa Rasti”, aweke jina lake chini yake, aongeze mstari mmoja kueleza ngazi aliyotumia, kisha amtumie mwenzake wa Mombasa au Muscat faili lenyewe. Yule atalifungua, ataona jina, atasema uzi umekaza mno, atalegeza kichujio, na atahifadhi ya kwake.